Pingamizi Nililomwekea Mama

Shamba la mpunga alilotuachia mama liko chini ya Kasumulu, katikati ya mikondo miwili iliyokauka. Mmoja uko upande wa juu, mwingine upande wa chini, na yote miwili imejaa matete. Yote miwili iliwahi kuwa Mto Songwe. Leo mto wenyewe unapita chini zaidi, na hakuna anayejua mwakani utapita wapi, maana mto wetu ukifurika hauombi ruhusa kwa nchi yoyote.

Swali lililonikosesha shamba hilo ni moja, tena dogo. Bibi yangu mzaa mama alipolifyeka, maji yalikuwa yanapita mkondo upi? Kama ni wa chini, shamba lilikuwa huku kwetu tangu mwanzo na ni letu. Kama ni wa juu, lilikuwa ng'ambo, Malawi, na sisi tulilidaka tu mto ulipohama.

Aliyejua jibu ni mama, kwa sababu ndiye aliyekuwa anatumwa maji akiwa mtoto. Mama amekufa. Siku aliyokuja kulisema mbele ya watu, aliyemzuia ni mimi. Ninaandika haya nikiwa na hasira, na hasira yenyewe sina pa kuipeleka.

Nilikuwa kidato cha nne, shule moja ya huku Ipyana. Mwalimu wetu wa historia alikuwa kijana bado, anasoma sheria kwa masafa, vitabu vyake vinakuja na basi. Alichokisoma wiki hii, wiki ijayo tulikuwa nacho sisi. Siku ya wazazi ilipokaribia akasema hatutafanya ngonjera wala maigizo ya ulevi, tutafanya mahakama ya kuigiza. Nchi mbili zinashtakiana kwenye mahakama ya mataifa kule Ulaya, wanasheria ni sisi. Alitaka zigombee ziwa. Mkuu wa shule akakataa.

"Ziwa ni siasa," alisema. "Chukueni kitu kidogo."

Tukachukua mto, kana kwamba mto si siasa. Nchi ya Juu ndiyo mdai, inadai ardhi iliyoachwa na mto ulipohama. Nchi ya Chini ndiyo mdaiwa. Mwalimu alipouliza nani ataisemea Nchi ya Chini, darasa zima likanigeukia.

"Mpeni huyo," alisema mmoja. "Wajomba zake si wako ng'ambo? Na wali wa matanga anakwenda kula huko huko."

Wakacheka. Ni kweli, ndugu za mama walihamia ng'ambo baada ya mafuriko. Mama alibaki huku kwa kuwa alishaolewa. Lakini nilikasirika, nikasema nitaisemea Nchi ya Chini na nitawashinda wote. Nilikuwa na mdomo. Walimu walisema mdomo ule utanifikisha mbali. Umenifikisha hapa.

Mwalimu akatufundisha namna nchi zinavyoshtakiana.

"Si kama mahakama ya wilaya," alisema. "Wewe ukiitwa na mahakama ya wilaya usiende, polisi watakufuata mpaka kwenye kakao. Nchi haifuatwi na polisi. Nchi inashtakiwa kama ilikubali kushtakiwa."

"Sasa mwalimu, nani atakubali?"

"Wanakubali siku ya amani. Wanajuta siku ya ugomvi."

Kwa hiyo, akaeleza, nchi ikishtakiwa jambo la kwanza haijibu. Inatafuta kasoro. Inasema mahakama hii haina mamlaka juu yangu. Au tulipatana kwanza tuzungumze, hatujazungumza. Au mmechelewa. Au aliyeleta shauri si mwenye shauri. Hayo ndiyo mapingamizi ya awali. Yakishawekwa, kesi ya msingi inasimama mpaka yaamuliwe. Likikubaliwa hata moja, watu wanafunga mafaili wanakwenda nyumbani, na ukweli wa nani mwenye haki haujaguswa na mtu.

"Na yana wakati wake," akaongeza. "Ukishaanza kujibu hoja yenyewe, umeshaikubali mahakama. Huwezi kula ugali wa mtu nusu, halafu useme hukualikwa."

Mimi hilo lilinikaa kichwani kuliko kitu chochote nilichofundishwa shule. Kushinda bila kusema kweli wala uongo. Jioni nilimweleza mama, yeye akipepeta mchele mlangoni.

"Kwa hiyo utashinda bila kusema mto ulikuwa wapi?"

"Ndiyo."

"Na mtu anayejua mto ulikuwa wapi?"

"Huyo hahitajiki, mama."

Alicheka kidogo, akaendelea kupepeta. "Serikali zina raha," alisema.

Siku chache baadaye mwalimu akaja nyumbani. Alikuwa amesikia kwamba mama alizaliwa karibu na mto na ameuona ukihama. Akamwomba awe shahidi wa Nchi ya Juu, shahidi wa kweli katikati ya mambo ya kuigiza, ili wazazi wajue tunasoma kitu kinachowahusu. Nilijua mama atakataa. Mama alikuwa mtu wa maneno machache; hata kwenye umoja wa akina mama kanisani alikuwa anapika tu. Akakubali. Mwalimu alipotaka wafanye mazoezi, akamwambia, "Mwalimu, nikikwambia wewe leo, siku hiyo nitasema nini? Acha. Nitalisema mara moja."

Sasa lipo jambo la babu. Kwetu mke wa mtoto hakutani na baba mkwe. Siku hizi vijana wanapuuza, wanakula meza moja na kupiga picha, lakini mama alilelewa kizamani na babu ni wa kizamani. Miaka yote waliyokaa kwenye uwanja mmoja, mama hakuwahi kumtazama babu usoni wala kutamka neno mbele yake. Babu akitoka nyumbani kwake alikohoa, akakohoa tena penye mgomba, ili mama asikie. Mama akaacha njia, akajificha kwenye kakao mpaka apite. Chakula chake alikipika mama, nikakipeleka mimi. Baba alipofariki, tukadhani desturi italegea. Haikulegea. Hawakugombana hata siku moja na hawakuzungumza hata siku moja, na ile ndiyo ilikuwa heshima yenyewe.

Siku ya wazazi walibomoa ukuta wa mbao kati ya madarasa mawili ili pawe ukumbi. Niliingia nimevaa shuka jeusi begani kama joho. Nikamwona babu mstari wa mbele, na koti lake zito kwenye joto la Kyela, kofia magotini. Nikashangaa, hakuwahi kuja shuleni kwetu. Kisha nikaona kwamba upande wa mashahidi wameweka ule ubao wa kuandikia wenye miguu, unaohamishwa, na chini ya ubao inaonekana miguu ya mama, imevaa kandambili za bluu. Alikuwa amekaa nyuma ya ubao. Kwa hiyo njia ilikuwa imepatikana: yeye hamwoni babu, babu hamwoni yeye, na sauti inapita.

Majaji walikuwa watatu, na jaji mkuu alikuwa mwalimu wa kemia. Nikaweka pingamizi la kwanza, kwamba Nchi ya Chini haikukubali kushtakiwa. Mwanasheria wa Nchi ya Juu, yule yule wa wali wa matanga, akatoa mkataba alioandika mwalimu, wenye sahihi yetu. Likakataliwa. Nikaweka la pili, kwamba hatujazungumza kwanza. Akatoa barua tatu, nazo za mwalimu. Likakataliwa. Watu wakaanza kunionea huruma, na mimi huruma siipendi. Niliona yule kijana wa wali wa matanga atanishinda mbele ya shule nzima.

"Tunamwita shahidi wetu," akasema.

Nyuma ya ubao mama akasafisha koo.

Nikasimama. Hili sikuwa nimeliandaa popote.

"Waheshimiwa majaji, kabla shahidi hajasema."

"Sema."

"Mahakama inamsikiliza nani? Mimi naona ubao. Shahidi anaapa akionekana. Huyu aliyejificha tutajuaje kuwa ni yeye? Tutajuaje kama hasomewi karatasi? Naomba ajitokeze hapa mbele ya watu wote. La sivyo asisikilizwe."

Hakuna mtu mle ndani ambaye hakujua kwa nini hawezi kujitokeza. Kicheko kilianzia nyuma, kile cha watu wanaomwona mnyama amekwishaingia mtegoni. "Kamfunga mama yake," mtu akasema, na akasema kwa kusifu. Jaji mkuu akamtazama mwalimu wa historia. Mwalimu alikuwa anafuta chaki mikononi, anaifuta na kuifuta.

"Shahidi anaweza kujitokeza?" jaji akauliza.

Nilikuwa natazama ile miguu. Mguu mmoja ulipanda juu ya mwingine, kama miguu ya mtoto aliyeulizwa swali darasani. Ukakaa hapo. Babu alikuwa anatazama kofia yake. Kisha miguu ikashuka, ikageuka, ikaondoka. Nyuma ya ubao palikuwa na mlango wa kwenda bustanini. Ulifungwa polepole, kwa adabu.

"Pingamizi limekubaliwa," akasema mwalimu wa kemia.

Walinipigia makofi mpaka mabati yakatetemeka. Nikapewa zawadi ya ndoo ya lita ishirini, ndani yake mna sabuni na daftari kubwa. Ndoo hiyo mama aliitekea maji miaka mingi mpaka ikapasuka.

Baada ya watu kutawanyika mwalimu aliniita pembeni.

"Umeshinda, ila umekosea," alisema. "Mahakama ya kweli ingempa njia. Wapo mashahidi wanaosema nyuma ya pazia na sauti zao zinabadilishwa. Kutoonekana si sababu ya kutosikilizwa."

"Kwa nini hukusema pale pale, mwalimu?"

"Mimi sikuwa jaji."

Nimemkasirikia mwalimu huyo kwa sentensi hiyo kuliko walimu wote walionichapa. Alijua, akafuta chaki. Lakini hakuwa yeye aliyesimama.

Nyumbani nilimkuta mama anamenya ndizi. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi. Nilikuwa na majibu: kwamba ni mchezo tu, kwamba kila mwanasheria anatetea upande wake, kwamba hata yeye alikuwa upande wa adui.

"Umesema vizuri," aliniambia. "Leta sufuria."

Nikaleta sufuria. Wiki ile ningeweza kumuuliza. Mwezi ule ningeweza. Tulipalilia pamoja lile shamba misimu mingapi, matuta yanagusana, na mkondo ule pale na ule pale, ningenyoosha jembe tu: mama, upi? Sikuuliza. Mwanzoni ni aibu, halafu ikawa mazoea, halafu nikapata mimba ya kwanza, baba wa wanangu akaenda Tunduma akazoea huko, nikawa na mengine ya kuuliza. Mtu akiwa hai unaona maneno yake yapo tu, kama mpunga ulio ghalani. Mama aliugua muda mfupi. Siku za mwisho alizungumzia kuku.

Hata mwaka haujaisha tangu tumzike, akaja bwana mmoja wa pale pale mpakani, mama yake wa huku, baba yake wa ng'ambo, anafanya biashara ya vitenge na mafuta ya kula. Mtu mpole sana. Alinisalimia vizuri, akauliza watoto, akasema, "Dada, nimekuja kwa heri. Lile shamba baba yangu alilima miaka mingi. Mama yako nilimwachia kwa kumheshimu. Sasa amepumzika, naomba nirudi."

Ni kweli baba yake alilima. Nilipokuwa mdogo maji yalipita mkondo wa juu, hata mimi nakumbuka, na wakati huo shamba lilikuwa ng'ambo. Baadaye mto ukahama tena ukaenda chini, shamba likarudi huku, mama akaenda na jembe akalichukua kama mtu anayeokota kanga yake iliyopeperuka. Lakini kabla ya hapo? Bibi alipofyeka? Waliokuwa majirani walitawanywa na mafuriko. Wajomba zangu wawili walizaliwa baadaye. Nikavuka kwenda kuwauliza. Mmoja akasema mkondo wa chini, mwingine akasema wa juu, na wote wawili wakaapa kwa Mungu huyo huyo.

Nikapeleka malalamiko baraza la kata. Siku hizi baraza halihukumu, linasuluhisha, lakini bila kupita hapo huendi mbele. Nilikwenda na mtoto mgongoni, mkubwa nikamshika mkono, na nyuma yetu babu na koti lake. Nilikuwa nimemwomba awe shahidi wangu. Ndiye aliyepeleka ng'ombe wa mahari kwao mama.

Mwenyekiti alipofungua kikao, yule bwana akanyanyua mkono.

"Mwenyekiti, kabla hatujaanza, nina neno dogo."

Nililijua neno lile kabla halijatoka.

"Mimi sina ugomvi na dada yangu," akasema. "Nauliza tu. Shamba lilifyekwa likiwa ng'ambo. Ardhi ya ng'ambo, hata kama mto umeisogeza, si ya kata hii. Sasa baraza hili linasuluhisha mpaka Malawi?"

Wajumbe wakacheka, kicheko kizuri, cha watu waliopata njia ya kumaliza kazi mapema.

"Ana hoja," akasema mwenyekiti. "Sisi ni wa kata."

"Mwenyekiti," nikasema, "huwezi kujua kama shamba lilikuwa huku au kule bila kusikiliza kesi yenyewe. Pingamizi lake ndiyo kesi. Hata mahakama za mataifa hazikatai hivyo. Pingamizi likiwa limeshikana na kesi, wanasema tusikilize yote kwanza, tutaamua mwisho."

"Umesoma, mama."

"Kidogo."

"Haya. Una shahidi anayejua maji yalipita wapi?"

Nikamwonyesha babu. Babu akasimama, akavua kofia. Babu ni mzee wa kanisa, akiapa anaapa kweli, na nilijua hilo nilipomchukua. Nilidhani litanisaidia.

"Siku ya kupeleka ng'ombe hatukuvuka maji," alisema. "Miguu yetu ilikuwa mikavu mpaka mlangoni kwao."

Nikashusha pumzi.

"Mlango huo ulikuwa karibu na shamba?" akauliza mwenyekiti.

"Nyumba ilikuwa juu, kwenye mwinuko. Shamba sikuonyeshwa. Mto sikufika."

"Kwa hiyo hujui ulipita mkondo upi."

"Sijui."

"Babu," nikasema, "lakini si uliwahi kusikia? Watu walisema. Mama alisema."

Akanigeukia. Hakuwa na ukali. "Mjukuu wangu, mama yako mimi sijawahi kumsikia akisema neno. Niape nini?"

Mwenyekiti akaandika. Yule bwana alikuwa ameinamisha kichwa, na ninaamini hakuwa anafurahi. Wajumbe wakanong'onezana muda wa kumaliza soda. Baraza likaona halina mamlaka juu ya shamba lisilojulikana lilikuwa nchi gani lilipofyekwa. Waliniambia naweza kujaribu ng'ambo. Nikawauliza, ng'ambo nikienda si wataniambia mto leo uko chini, shamba liko kwenu, rudi kwenu? Mjumbe mmoja mwanamke akanitazama kwa huruma.

"Inawezekana," alisema.

Tulirudi kwa miguu. Mkubwa wangu alikuwa ametangulia, anarusha mawe kwenye mtaro. Nilikuwa namkasirikia babu kiasi kwamba sikupunguza mwendo kwa ajili yake. Neno moja tu. Angesema "nilisikia," nani angemuuliza?

"Una hasira," alisema nyuma yangu.

"Ulijua nina watoto wawili wa kulisha."

"Nilijua."

Tukatembea. Kisha akasema, kama mtu anayezungumzia mvua, "Ule ubao nilisema mimi."

Nikasimama.

"Mwalimu wenu alikuja kwangu kuomba ruhusa, kwa kuwa baba yako hayupo. Nikamwambia, mwekeeni kitu mbele, aseme. Nami nitakuja nikae mbele, masikio yangu si mazuri. Nikamtuma mwalimu akamuulize kama anaridhia nikiwepo. Akasema anaridhia. Akasema ni vizuri nikiwepo, maana shamba ni la wajukuu, na mtu mzima wa ukoo alisikie."

Mtoto mgongoni alikuwa amelala, kichwa chake kinanigonga begani.

"Kwa nini hukunikemea siku ile, babu? Neno lako moja wangenyamaza wote."

"Ningesema nini? Ningesimama mbele yake nimwambie asitoke? Hapo ndipo ningemwaibisha." Akavaa kofia yake. "Na wewe ulikuwa unashangiliwa. Nilisema, mtoto ameshinda, mama yake atamweleza nyumbani."

Kila mtu alidhani nitaelezwa nyumbani. Mama alingoja niulize, babu alidhani nimeshaambiwa, mimi nilingoja aibu iishe. Shamba likapita katikati yetu watatu.

Msimu ule alilima yule bwana. Mpunga ulikubali. Wakati wa kuvuna nilijiambia sitakwenda kuutazama, nikaenda, na watoto wote wawili. Harufu ya mpunga wetu unaijua kabla hujafika, na ndani ya nyumba yangu kulikuwa na mihogo ya siku ya tatu. Walikuwa wanapura, yeye na mkewe na watu wawili wa jirani. Nilisimama kwenye tuta, mahali ambapo mama alikuwa anaweka kikapu.

Mkewe akaniona, akanisalimia. "Ugonile, mama. Usisimame juani na mtoto. Njoo."

Nikasogea. Yule bwana akaacha fimbo, akafuta jasho, akasalimia kama kawaida yake, vizuri. Halafu akaenda kwenye turubai, akajaza kiroba mpaka nusu, akafunga mdomo wake kwa kamba ya mgomba.

"Chukua, dada. Watoto wale. Mama yako alikuwa mtu mwema kwangu."

Sidhani kama alikuwa na hila. Lakini mimi nilijua ni nini kile. Anayepokea mazao kutoka mkononi mwa mtu amekiri kwamba mtu huyo ndiye mwenye shamba. Kesho nikienda wilayani, nikienda popote, nikipata hata shahidi aliyefufuka, wataulizwa hawa wawili wa jirani: alipokea? Alipokea. Hapo sina tena kesi. Jibu nililopaswa kutoa lilikuwa tayari mdomoni, na lilikuwa zuri, fupi, la kupigiwa makofi: sipokei kilicho changu kutoka mkononi mwako.

"Mama, ni wetu huo?" mkubwa wangu akauliza, ameshika kona ya kiroba.

Nikamfunga mdogo vizuri mgongoni. Nikainama, yule bwana akanitwisha.

"Ndaga," nikamshukuru. "Ndaga fijo."

Wale wawili waliokuwa wanapura waliacha kupura, wakatutazama mpaka tukafika kwenye tuta, kisha nikasikia fimbo zao zinaanza tena.